Singer 28K ya mkono: nimeifufua, nimeishonea, haya ndo maoni yangu

Mwezi wa pili sasa nashonea hii Singer 28K. Nilipoipata ilikuwa imekaza, gurudumu haligeuki hata ulisukume kwa mikono miwili, na kila aliyeiona aliniambia weka tu kabatini iwe pambo. Mi nasema hapana jamani, hii ni cherehani ya kazi, mshono wake umenyooka kuliko wa mashine nyingi za plastiki nilizowahi kushika.

Ila kabla hujaigusa na bisibisi ijue kwanza ni ipi. Fungua vile vibamba vya chuma vya chini ya sindano, ukikuta bobini (kile kinachobeba uzi wa chini) ndefu nyembamba kama kijiti, imelala ndani ya kichuma chenye umbo la risasi kinachobembea mbele na nyuma, basi hiyo ni familia ya Singer za modeli 27, 28, 127 na 128. 27 na 127 ndo kubwa, 28 na 128 ni kama robo tatu yake. Kijazio cha bobini kikikaa chini karibu na kitako kwa kawaida ni 28, kikiwa juu ni 128. Ile K ni Kilbowie, kiwanda cha Clydebank kule Uskoti kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Namba ya kwenye kitako ikiwa haina herufi mbele mashine ni ya kabla ya 1900, yangu inaanza na F.

Sasa kilichoikaza wala haikuwa kutu, ni mafuta yaliyoganda yakawa gundi, nahisi kuna mtu aliiwekea mafuta ya kupikia, tafadhali msifanye hivyo kabisa. Nilidondoshea mafuta ya taa kila kiungo, nikaacha usiku kucha, nikaipasha na draya ya nywele, nikatikisa gurudumu taratibu bila kulazimisha, siku ya tatu ikaachia na mi nikapiga kelele peke yangu. Baada ya hapo lazima uweke mafuta ya cherehani maana ya taa yanasafisha tu, hayalainishi.

Na yale maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye mwili wa mashine usiyaguse na spiriti!! Juu yake kuna vanishi ya shelaki na spiriti inaiyeyusha, maua yanaondoka nayo. Mi nilipoteza jani moja hivyo na bado linaniuma. Pamba na mafuta ya cherehani inatosha kabisa, hata kama inachukua jioni nzima.

Kingine, ukifungua gurudumu kuna ringi ndogo yenye vijino ndani, ukiirudisha kinyume ile nati ya katikati haitakaza vizuri, igeuze hiyo ringi nusu duara.

Udhaifu upo. Hairudi nyuma, mwisho wa mshono inabidi ugeuze kitambaa au ufunge uzi kwa mkono. Bobini inabeba uzi kidogo. Mkono wa kulia unazungusha, kwa hiyo kitambaa unakiongoza kwa kushoto tu, mwanzo utapinda pinda. Lakini jinzi iliyokunjwa mara nne inapita taratibu bila kulalamika, na sindano ni zile zile za kawaida za 15x1 tunazotumia kwenye mashine za leo, tofauti na Singer Model 12 ya zamani ambayo sindano zake ni shida kupata.

Ukitaka kununua, fungua kibamba kwanza uone kama kile kichuma cha risasi kimo ndani, wengi wanakipoteza, na bila hicho haishoni hata mshono mmoja.