Kebo ya kori 4 au kori 5 (nyaya 4 au 5 ndani yake) kwa mashine ya kusaga?

Wadau wa Kibaigwa mnaofunga mashine, mota ya thrii fezi yenyewe inataka nyaya nne tu, fezi tatu (nyaya zenye umeme) na ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini), nyutro (waya wa kurudishia umeme) haina kazi pale maana fezi zote zinavuta sawa, kwahiyo kori 4 inatosha kabisa na shaba unayolipia ni pungufu. Kori 5 inaongeza nyutro, ndo inayokupa 230V na fezi moja badala ya 400V ya fezi kwa fezi, chukua hiyo kama kwenye mashine kuna taa au kontakta (swichi ya umeme ya kuwashia mota) ya 230V. Ila jamani msigeuze ethi kua nyutro ili kuokoa hela!! Waya huo ukikatika huko nyuma, bodi nzima (chuma cha nje) ya mashine inakua na umeme, anaegusa anakufa.