Uzoefu wangu: kompyuta ya kwanza ya gemu niliyoiunda mwenyewe kwa milioni mbili na nusu

Kwa anayetaka jibu la haraka: kwa shilingi milioni mbili na nusu za Tanzania, kioo na UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika) vikiwa ndani ya hesabu, nimepata mashine inayocheza gemu zote ninazozipenda kwa 1080p bila kukwama, na leo ningeambiwa nirudie ningenunua vilevile. Ila jinsi nilivyoigawa hela hiyo ni tofauti na ushauri ninaousikia kila siku, ambapo mazungumzo huanzia kwenye kadi ya picha na kuishia hapohapo. Mimi nilianza na vitu viwili ambavyo havikai hata ndani ya kasha: kioo cha kutazamia na umeme wa ukutani.

Kioo ndicho kinachoamua kadi ipi inakutosha. Kioo cha 1080p kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni mbili na kidogo, na kadi inalazimika kuzichora zote upya kila fremu, yaani kila picha moja inayoonekana. Kioo cha 4K kina nukta mara nne ya hizo. Mtu akinunua kadi ya bei mbaya halafu akaichomeka kwenye kioo cha zamani cha herzi 60, yaani kinachoonesha picha 60 kwa sekunde, nguvu kubwa aliyoilipia haioni. Akinunua kioo cha 4K na kadi ndogo, gemu zitakuwa zinaburuta miguu. Kwa hiyo kabla ya yote nilichagua kioo cha inchi 24, 1080p, herzi 100, kwa shilingi 300,000. Baada ya hapo, swali la kadi lilijijibu lenyewe.

Nilichukua Radeon RX 6600 ya AMD. Ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 329, ina kumbukumbu ya GB 8, na kazi iliyotengenezewa ni 1080p. Nilipoinunua, mwaka 2024, ilikuwa imeshuka bei sana. Mimi nililipa shilingi 600,000 ikiwa mpya. Nilitamani RTX 3060 ya Nvidia kwa sababu ya GB zake 12, lakini kilichonivuta upande wa 6600 ni namba moja ambayo wauzaji hawaitaji: inakula wati 132, wakati 3060 inakula 170. Hapa kwetu namba hiyo ina uzito, nitaieleza.

Kuhusu kadi za mtumba, zipo, na nyingine ni nzuri. Ila ujue kwamba Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zinachemka mchana na usiku ziliingia sokoni duniani kote. Ukinunua ya mtumba, usikubali kuoneshwa tu kwamba inawaka. Iendeshwe hapohapo dukani gemu nzito au programu ya kuipima kwa nusu saa, usikilize feni, utazame kama picha inatoa madoa, na ukague skrubu kama zimekwanguliwa.

Prosesa ni Ryzen 5 5600 ya AMD, core sita, shilingi 380,000 pamoja na feni yake ndani ya boksi. Soma jina mpaka herufi ya mwisho. 5600G ina picha zake za ndani, 5600 haina kabisa. Tena 5600G na 5500 zinaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya data kati ya prosesa na kadi, na RX 6600 inatumia njia nane tu badala ya kumi na sita, hivyo ukiiweka kwenye mfumo wa 3.0 kuna fremu utazipoteza kwenye baadhi ya gemu. Ndiyo maana mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, nayo nilichukua ya B550, shilingi 300,000, ambayo pamoja na 5600 inakubali PCIe 4.0. Soketi, yaani tundu la prosesa, ni AM4. Ni ya zamani, najua, AMD walishahamia AM5 mwaka 2022, lakini AM5 inataka ramu za DDR5 na mazabodi ghali zaidi, na bajeti yangu isingefika.

Sasa tuje kwenye pawasaplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa vifaa vya ndani, maana hapa ndipo nimeona watu wakipoteza hela.

Kariakoo nilioneshwa moja iliyoandikwa 600W kwa maandishi makubwa mekundu, bei shilingi 45,000. Muuzaji akanihakikishia, "Bosi, hii inabeba kitu chochote." Ilikuwa nyepesi mno mkononi. Nikaomba niigeuze nisome lebo ya ubavuni. Usome mstari wa volti 12, kwa sababu huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha. Ulisema ampea 20. Volti 12 mara ampea 20 ni wati 240. Kadi yangu peke yake ni 132, na prosesa ikibanwa inafika 76, jumla 208. Hapo feni hazijazunguka, diski ya SSD haijasoma kitu, na kadi haijaruka ghafla juu ya wastani wake kama zinavyofanya zote. Hizo 600 za kwenye boksi sijui zilitoka wapi, kwenye lebo hazikuwepo.

Niliishia kuchukua ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze, shilingi 190,000. Mstari wake wa volti 12 unasoma ampea 45, yaani wati 540, karibu zote zilizoandikwa. AMD wenyewe kwa RX 6600 wanashauri pawasaplai isiyopungua wati 450, hivyo nina nafasi ya kupumua. Alama ya Bronze maana yake ikifanya kazi nusu ya uwezo wake, takriban asilimia 85 ya umeme inaouvuta ukutani unafika kwenye vifaa, na unaobaki unageuka joto. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, joto la ziada chumbani silitaki. Jambo jingine la kuangalia ni kiswichi chekundu cha 115 na 230 mgongoni. Pawasaplai nyingi nzuri za siku hizi hazina kiswichi hicho, zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. Ukikikuta, hakikisha kipo 230 kabla hujachomeka chochote.

UPS niliihesabu kama sehemu ya kompyuta tangu siku ya kwanza, nikaitengea shilingi 280,000. Kuna watu waliniambia nisubiri, niongeze hela hiyo kwenye kadi. Sikukubali, na nashukuru. Umeme wa mtaani kwetu ukikatika ni afadhali kuliko ukirudi, maana unarudi kwa kishindo. UPS yangu ni ya VA 1,000, lakini VA si wati; kwenye lebo wati ni 600. Ina kidhibiti cha volti ndani, kwa hiyo umeme ukishuka hadi taa zikafifia, kompyuta haijui. Nikiwa katikati ya mechi umeme ukakatika, napata muda wa kutosha kumaliza raundi na kuzima taratibu. Angalizo moja: UPS za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na baadhi ya pawasaplai nzuri hazipatani nao, zinazima papo hapo. Beba pawasaplai yako dukani mjaribu pamoja, au kubalianeni kwa maandishi kwamba utairudisha.

Halafu kuna Luku, umeme wa kulipia kabla. Nimepima kwa kile kipimo cha kuchomeka ukutani: nikicheza gemu nzito, kompyuta na kioo kwa pamoja vinavuta kama wati 250. Saa nne kwa siku ni uniti moja. Mwezi mzima ni uniti 30. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya kikomo kabla hujawasha friji, na uniti zinazozidi 75 zinatozwa zaidi ya mara tatu ya bei ya zile za mwanzo. Kama unaishi na wazazi au mnachangia mita na wapangaji wenzako, hesabu hii ikae mezani mapema, msije mkagombana. Sasa unaelewa kwa nini tofauti ya wati 132 na 170 niliitazama.

Vilivyobaki naenda haraka. Ramu GB 16 za DDR4-3200, vipande viwili vya GB 8, shilingi 120,000. Viwili na si kimoja, kwa sababu vikiwa viwili prosesa inasoma vyote kwa pamoja. SSD ya NVMe ya TB 1, shilingi 160,000. Kasha lenye wavu mbele, shilingi 130,000. Makasha ya kioo kitupu mbele yanapendeza, lakini hewa itaingilia wapi? Chagua wavu, na uwe na chujio la vumbi linalotoka ukalisafisha.

Jumla ikaja 2,460,000. Kilichobaki kilikwenda kwenye ekstensheni ya maana na nauli.

Kuunda kwenyewe kulinipa raha ambayo sikuitarajia. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, 1,331, nyembamba kama nywele, na zikipinda ni hasara. Unainua kile kimkono cha chuma cha soketi hadi kisimame wima, unatafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa, unailinganisha na pembetatu ya kwenye soketi, halafu unaiachia. Huikandamizi. Inazama yenyewe kwa uzito wake, na kama haikuzama, haijakaa sawa. Ukiona imelala bapa pande zote nne ndipo unarudisha kile chuma. Ramu huwekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na unazisukuma mpaka zilie "ta". Waya wa kioo unachomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye mazabodi, maana 5600 haina picha za ndani na pale juu hutapata kitu. Ikishawaka, ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya mazabodi, uwashe XMP inayoipa ramu kasi yake kamili, la sivyo ramu uliyoilipia 3200 itaendelea kukimbia kwa kasi ya chini. Bisibisi moja ya nyota ilinitosha kazi yote.

Upande wa programu, leseni ya Windows 11 Home huuzwa na Microsoft dola 139, na hela hiyo sikuwa nayo kwenye hesabu. Nikaweka Linux. Kwangu inafaa kabisa, kwa sababu madereva ya AMD (programu zinazoendesha kadi) yanakuja ndani ya mfumo wenyewe, Counter-Strike 2 ina toleo lake la Linux, na Red Dead Redemption 2 inapita kwa Proton ya Steam, programu inayowezesha gemu za Windows kuchezeka kwenye Linux. Lakini kama wewe ni mtu wa mpira wa EA FC au Valorant, usinifuate huku, mifumo yao ya kuzuia udanganyifu haikubali Linux. Tenga hela ya Windows.

Na tenga hela ya bando. Red Dead peke yake inataka GB 150. Mimi niliishusha nyumbani kwa ndugu mwenye intaneti ya waya, nikairudisha nyumbani kwenye diski ya nje.

Inachezaje? Counter-Strike 2 inapita fremu 100 kwa sekunde bila wasiwasi, kwa hiyo kioo changu cha herzi 100 kinashiba. Red Dead naicheza kwa mpangilio wa kati hadi wa juu, ikizunguka kwenye fremu 60, na farasi akipita kwenye theluji mlimani unajikuta umeacha kazi uliyotumwa, unatazama tu. Joto la kadi halijawahi kunitisha hata mchana wa jua kali. Kelele zipo kidogo, feni ya prosesa inayokuja kwenye boksi inasikika usiku chumba kikiwa kimya, na hiyo ndiyo ningeibadilisha kwanza.

Nikipata hela baadaye, AM4 bado inanipa njia: mazabodi hii hii inapokea Ryzen 7 5700X3D, iliyotoka Januari 2024, bila kubadilisha ramu.

Anayepanga sasa lazima aongeze hesabu upande wa ramu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimepanda vibaya kote duniani kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili unde, na Desemba mwaka huo Micron, watengenezaji wa ramu, walitangaza kuachana na biashara ya chapa yao ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Ile 120,000 yangu usiitumie kama kipimo. Ukikutana na ramu nzuri ya mtumba ya DDR4, ichukue kwanza, vingine vitafuata.

Na kwa wanaoniuliza kama milioni moja na nusu inatosha: inatosha kuanza. Chukua 5600G bila kadi (ile PCIe 3.0 yake utaivumilia), mazabodi hiyohiyo ya B550, pawasaplai hiyohiyo ya wati 550 na kioo cha mtumba. Ramu ziwe mbili, kwa sababu picha za ndani zinategemea kasi ya ramu. Counter-Strike 2 utaicheza kwa mpangilio wa chini, gemu nzito utazisubiri. UPS iwe kitu cha kwanza utakachoongeza, kadi iwe ya pili, na siku ukiinunua kadi hutalazimika kufungua kitu kingine chochote zaidi ya ubavu wa kasha.