Colorama kwenye kompyuta kuukuu ya duka la viungo, Marikiti

Ami yangu ana duka la viungo karibu na soko la Marikiti, Mombasa. Kompyuta ya kaunta ni kuukuu, ina Windows 7, na hana nia ya kuibadilisha maadamu yawaka. Programu ya stoki nilimwandikia mimi, kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nyumbani Kisauni, kwenye laptopu yangu inayotumia Linux badala ya Windows, ilipendeza: kiungo kilichopungua kinatoka chekundu, kilichojaa kijani. Nilipoifungua dukani, mbele ya kila jina palitoka ←[31m au ←[32m. Iliki, mdalasini, pilipili manga, zote zimebandikwa mshale na namba. Ami akaniuliza, "Mwanangu, hizi ndizo bei?"

Rangi za terminali, yaani dirisha la maandishi matupu la kuandikia amri, husafiri ndani ya maandishi yenyewe. Unatanguliza herufi namba 27 ya ASCII, ile orodha ya namba za herufi za kompyuta, halafu mabano mraba, halafu namba na herufi m: 31 nyekundu, 32 kijani, 0 kurudi hali ya kawaida. Utaratibu huu ni wa miaka ya 1970. Terminali ya VT100, mashine ya skrini na kibodi iliyotoka 1978, ilisaidia sana kuueneza. Linux inauelewa, lakini dirisha la amri la Windows halikuuelewa mpaka Windows 10.

Colorama ni maktaba ya bure ya Python, yaani kifurushi cha programu kilichoandikwa tayari, inayokaa katikati. Inaidaka misimbo hiyo kabla haijafika kwenye skrini, kisha inaieleza Windows kwa lugha yake. Windows 7 haipokei Python mpya kuliko 3.8, na Colorama 0.4.6 haina neno na hiyo. Nikaongeza mistari miwili tu juu ya programu, ule wa kuileta na ule wa kuiwasha, init(), mishale yote ikatoweka, rangi zikatulia mahali pake. Nilifurahi kupita kiasi, maana nilikuwa nishaanza kuandika upya kila kitu.

Lakini kilichobadilisha kazi ya duka ni kielekezi, kile kijistari kinachoonyesha herufi inayofuata itaandikwa wapi. Zamani kila mauzo yaliongeza mstari mpya chini, orodha ikapanda ikapotea juu, na Ami akawa anaitafuta iliki kwa kuburuta. Sasa kila kiungo kina mstari wake na hesabu inabadilika palepale. Amri ya Colorama, Cursor.POS(10, 5), inakupeleka safu ya 10, mstari wa 5. Shika sana hapo: msimbo wenyewe ukiuandika kwa mkono hutanguliza mstari, 5;10H, ilhali Colorama hutanguliza safu. Nilipoteza jioni nzima kwa hilo, na bado naona mpangilio huu unawaponza watu bure.

Jambo jingine halihusu Colorama, ila litakukuta. Iliki ilikuwa kilo 120, zikauzwa 25. Skrini ikaandika 95 juu ya 120, ile sifuri ya mwisho ikabaki, Ami akasoma 950. Kwa bei ya iliki ilivyo, alisimama akaenda kuhesabu magunia mwenyewe. Dawa yake ni msimbo wa K, unaofuta kuanzia kielekezi kilipo hadi mwisho wa mstari. Ufute kwanza, ndipo uandike. Colorama inautekeleza vizuri hata kwenye Windows 7.

Isichoweza ni kuficha kielekezi. Msimbo wa ?25l, ambao Linux inautii, kwenye kaunta unachapishwa kama takataka, kwa hiyo kijistari kinapepesa kutwa. Rangi nazo ni zile 16 tu; usitarajie 256. Bluu ya kawaida juu ya weusi Ami haioni kabisa, nimemwekea njano ya kung'aa, LIGHTYELLOW_EX, kwenye majina na sasa anasoma bila miwani.

Ripoti ya jioni naielekeza kwenye faili ili ichapishwe. Colorama ikiona haiandiki tena kwenye skrini, inaondoa misimbo ya rangi yenyewe, karatasi inatoka safi. Hilo sikuliomba, na ndilo linalonifanya niipendekeze kwa yeyote mwenye kompyuta mbili zisizolingana umri. Weka pia init(autoreset=True) tangu siku ya kwanza, irudishe rangi yenyewe; bila hiyo, ukisahau kurudisha rangi, wekundu wa kiungo kimoja utatia doa vyote vinavyofuata.