Mabuku ya zamani ya mu ville: mama mwenye aliandika kalamu mu buku yangu ya kupika

Iko sasa myaka tatu niko nanunua mabuku ya okazio kwa papa moja mwenye anatandaka turubai yake mu ville, hapa Lubumbashi, na batu bananiulizaka kila siku ninayapataka wapi na gani iko muzuri, basi lelo naandika yote fasi moja.

Mi ni mushonaji, kwa hiyo nilianza na marevi. Nilikuwa natafuta Burda ya zamani, ile ya Wajerumani, Aenne Burda aliianzisha 1950 na tangu 1952 inakuwaka na karatasi ya patroni ndani, karatasi kubwa yenye mistari mingi moja juu ya ingine mpaka macho inauma. Ukiikuta ku turubai usilipe mbele ya kuifungua. Nyingi karatasi ilishatoka, mutu alikata patroni yake akaenda nayo, unabaki na picha tu. Papa hakukasirika, alinipa kiti yake ya plastiki akasema mama fungua zote, nikafungua kumi na moja, mbili tu njo zilikuwa kamili. Nililipa franka 4.000 kila moja na robe ya mikono ya kupanuka yenye nilitoa mule nimeishaishona mara sita na bikwembe, bateja bananiletea batoto wao bapimwe ile ile. Wenye kuanza bajue hii: patroni ya Burda haina nafasi ya mushono, unaongeza wewe mwenyewe santimetri 1 na nusu, mi kikwembe ya kwanza niliiharibu juu hakuna mutu aliniambia.

Revi Amina nayo papa anakuwaka nayo, ile ya bamama ya Afrika yenye ilianza 1972. Dada yangu mukubwa anasukaka nywele, anaikatia picha na kuzibandika ku ukuta ya saluni. Mi nasomaka barua za basomaji, nikimaliza namupa.

Sasa buku ya kupika, hapa njo niko na maneno mingi. Nilinunua Je sais cuisiner ya Ginette Mathiot, ilitoka mara ya kwanza 1932 mu Ufaransa, yangu ni ya nyuma kidogo, haina tena jalada, imeshonwa na uzi mweusi ku mugongo. Papa alitaka dola 10. Kulikuwa ingine pembeni, safi kabisa, kama haijafunguliwa hata siku moja, kwa dola 8. Nikachukua hii ya uzi, na kama unataka shauri yangu ni hiyo tu: kwa mabuku ya kupika chukua ile yenye iliandikwa-andikwa.

Juu mama mwenye alikuwa nayo mbele yangu, simujui jina, aliipika buku mzima hapa hapa kwetu na kalamu ilikuwa mu mukono. Fasi yenye Mathiot anasema épinards, ile spinachi ya Wazungu, yeye ameandika lenga-lenga, mchicha yetu. Siagi amekata mustari, juu yake mafuta ya kalanga. Ku furu, fasi inasema termosta 6, ameandika 180, na ukijua hiyo unajua zote, namba ya termosta unaizidisha mara 30 njo unapata digri karibu karibu. Na chini yake tena, kwa herufi ndogo, makala chini makala juu. Nikaelewa alikuwa anaoka ku mbabula, jiko ya makala, unaweka sufuria ndani ya ingine kubwa yenye muchanga, unafunika, unapanga makala yenye inawaka ku kifuniko. Sawa vile mama yangu alikuwa anafanya, na sawa vile mi nafanya umeme ikikatika.

Kitu yenye ilinishangaza zaidi ni saa. Kila fasi ya maharagwe na nyama ya kuchemsha ameongeza, 1 h inakuwa 1 h 20. Nilifikiri makala yake ilikuwa mubaya. Mutoto wangu mwenye anasoma kemia njo aliniambia hapana mama, Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, maji inachemka ku digri 96 hivi, haifike 100 sawa kule kwao pembeni ya bahari, kwa hiyo bintu binachelewa kuiva. Ule mama hakuandika sababu, aliona tu ku sufuria yake na akasahihisha. Sasa kila mara niko naipika naona ni kama tuko wawili mu jikoni.

Ku hii buku anza na quatre-quarts, ile keki, haikatae mutu: pima mayai na maganda yake, halafu sukari, siagi na unga, kila moja uzito ile ile.

Mabuku ya hadithi, huko kinyume, chukua safi. Fungua katikati, kama gundi inalia kra unaiacha, kurasa zitaanguka mu teksi. Entre les eaux ya Mudimbe, ya 1973, niliipata kwa franka 5.000 na nimeisoma mara mbili, padri mwenye anaenda mu pori na bapiganaji na hapati amani fasi yote mbili. Mudimbe alikuwa mutoto wa Likasi hapa karibu, alifundisha ku université yetu, nasikitika batoto wengi hapa bado kumusoma. Kwa bijana, Bob Morane ya Henri Vernes, za Marabout ya Ubelgiji, bei chini na bananyang'anyana. Buku moja ya polisiye, hadithi ya polisi, ilikosa kurasa ya mwisho, nikairudisha, papa akanibadilishia bila kelele. Yenye sipendi kwake: bei anaitaja akikuangalia usoni, na mu masika mabuku yake inanuka unyevu. Ukifika ku nyumba ifungie mu karto na vipande vya makala baridi wiki mbili.

Mathiot yangu imekosa sehemu ya konfitire, jamu, yote. Maembe inakaribia kuiva, kama uko nayo uniachie nipige picha ile kurasa, zaidi kama kuko kitu kimeandikwa pembeni.