Gredi ya 7 karibu na nyumbani Umoja, Nairobi: shule tatu za umma nilizozikagua

Kitinda mimba wangu ana kaka mkubwa aliyefanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo nilipoanza kumtafutia shule ya Gredi ya 7 nilikuwa bado na ile tabia ya kuuliza wastani wa alama. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, nayo sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) iko ndani ya shule za msingi tangu Januari mwaka huo. Kwa hivyo nilizitembelea shule tatu za umma, mbili upande wa soko la Mutindwa na moja ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, nikiwa na swali moja tu: nani anafundisha nini? Majina ya shule nitayahifadhi.

Shule ya kwanza ina jengo jipya lililopakwa rangi ya kupendeza, na mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri sana. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, nikazihesabu herufi za mwanzo za majina ya walimu. Masomo ni tisa, walimu ni wanne, na yule yule anayefundisha hisabati ndiye anayefundisha masomo ya awali ya kiufundi na dini. Sikumlaumu, kwa sababu idadi ya walimu wanaoletwa na serikali haiamuliwi na shule. Ila mzazi anayetazama rangi ya ukuta hataliona hilo.

Ya pili sina mengi ya kusema juu yake. Maabara ni stoo iliyowekwa sinki, nalo sinki halina bomba.

Ya tatu ina majengo makuukuu, na wanafunzi wamebanana madarasani kuliko kwingine kote. Hata hivyo, niliruhusiwa kuketi nyuma katika kipindi cha sayansi, nikamwona mwalimu akizikata karatasi za litimasi, zile zinazobadilika rangi kuonyesha asidi au besi, vipande vidogo kwa makasi ili kila dawati lipate chake, kisha akawaachia watoto wenyewe wajaribu maji ya ndimu na ya sabuni. Ratiba yake ina walimu wanane. Nilipouliza kuhusu tathmini za shuleni, ambazo huchangia asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA (mtihani wa Gredi ya 9), sawa na zinavyochangia alama za KPSEA (mtihani wa Gredi ya 6), nilifunguliwa jalada lenye kazi za wanafunzi, zimesahihishwa na kuwekwa tarehe. Kwingine niliambiwa tu kwamba zipo.

Gharama hazikunipa sababu ya kuchagua, kwani mgao wa serikali ni ule ule, shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ingawa sare na michango midogo midogo haikosi popote.

Tulimwandikisha katika ile ya tatu. Ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu, na nimemwonya kwamba Outer Ring inavukwa kwa daraja la juu, hata akiwa amechelewa.