Katuni darini Lamu: uzoefu wangu, na jogoo aliyemnyima babu usingizi

Kabla ya likizo ya Agosti nilinunua projekta ndogo ya betri, ile ya kushikika kwa mkono mmoja. Haikuwa anasa. Nyumba yetu ya Mkomani ina watoto saba, wangu wawili na watano wa ndugu zangu, na simu moja ya kutazamia katuni ilikuwa ikileta vita kila jioni. Tukatundika shuka nyeupe darini kwenye kamba ya kuanikia nguo, tukatandika mikeka, tukaanga bisi.

Nililosahau ni kwamba Agosti ni kusi. Upepo uliijaza shuka kama tanga, Mufasa, yule simba mfalme wa The Lion King, akawa na shavu moja la kawaida na jingine la mtu aliyeng'atwa na nyuki. Kesho yake baba yangu, nahodha mstaafu wa jahazi la mizigo, alipanda mwenyewe akaikaza kwa mafundo ambayo hadi leo sijaweza kuyafungua.

Jingine, msinunue filamu za flashi kwa bei ya kutupa. Nilijaziwa kumi. Moja ilikuwa imerekodiwa ndani ya sinema, vichwa vya watu vinapita na mtu anakohoa. Nyingine, Finding Nemo, ilikatika samaki Nemo akiwa bado ndani ya tangi la daktari wa meno. Jaribu kuwalaza watoto saba baada ya hapo. Sasa nalipia na kupakua mchana, betri naichaji mpaka ijae, maana inakaa saa mbili tu.

The Lion King ya 1994 ina dakika 88, kwa hiyo betri inatosha na chenji inabaki. Watoto wa huku wana faida juu ya watoto wa Marekani, kwani majina wanayaelewa. Ngiri anaitwa Pumbaa na kweli kapumbaa. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, na hilo mimi mwenyewe nilichelewa kuling'amua. Fisi anaitwa Shenzi, neno lisiloruhusiwa kwetu nyumbani, na sasa wanalitamka mbele ya nyanya yao wakijitetea, "Ndilo jina lake!" Wimbo wa yule nyani Rafiki kuhusu nugu umekuwa tusi rasmi la barazani. Kuhusu hakuna matata, huku utasikia zaidi hakuna tabu. Matata tumewaachia wageni na fulana zao. Ila Mufasa alipokufa, mdogo wetu wa miaka minne alilia hadi tukazima. Mwenye mtoto wa umri huo apeleke mbele kipande kile.

Shrek ya 2001 ilipendwa kwa ajili ya punda. Mji huu punda ndiye lori, na wetu hubeba mchanga na saruji kutwa bila kusema neno. Kumwona mwenzao anayepayuka tangu mwanzo hadi mwisho kuliwaua watoto kwa kicheko. Hana hata jina, ni Punda tu, nao waliona ni sawa kabisa. Alipopendana na joka, binti yangu aliuliza mtoto wao atakuwa nini. Nikamwambia asubiri sehemu ya pili.

Nemo, tulipoipata nzima, ilizua ugomvi. Dory msahaulifu kila mtu alimpenda, lakini ndugu yangu ni mvuvi, na samaki walipoogelea chini kwa pamoja mpaka wavu ukaachia, watoto wakapiga makofi, yeye akanyanyuka. "Mali ya mtu inapotea, nyinyi mwashangilia?"

Lakini filamu ya nyumba hii ni Moana ya 2016, kisa cha msichana anayevuka bahari kurudisha moyo wa kisiwa ulioibwa. Ina dakika 107, na kwa betri yangu hiyo ni roho mkononi.

Nakala yetu ni ya Kiingereza, na kijana wetu wa miaka kumi na miwili aliwatafsiria wazee kwa sauti ya DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, na chumvi nyingi juu. Wale maharamia wadogo wa magamba ya nazi, Kakamora, walipotokea na mikuki yao, nyanya alisema waletwe kwake, mbuzi ya kukunia ipo jikoni. Bibi yake Moana aliporudi akiwa samaki taa, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mkia wa taa ndio uliotuadabisha sisi chuoni."

Baba alikuwa amelala pembeni, ametupa mgongo. Aligeuka aliposikia mbao zikilia na tanga likipiga. Akaketi. "Chombo gani hiki chenye tengo moja? Ngalawa ina mawili." Nikamweleza kwamba kwa vyombo vya namna ile huko Pasifiki tengo, ule ubao wa pembeni unaozuia chombo kisipinduke, hukaa upande wa upepo daima, na badala ya kubisha kama sisi, yaani kugeuza chombo upande wa pili wa upepo, wenyewe huhamisha tanga toka ncha moja ya chombo hadi ya pili, omo ya mbele ikawa tezi ya nyuma. Alifikiri kwa muda mrefu. "Kazi," akasema, na sikujua kama ni sifa au lawama.

Kisha Maui, yule nusu mungu anayesafiri naye, akamfundisha Moana kupima nyota kwa mkono. Baba akasema manahodha wa Kiarabu wa kale nao walipima urefu wa nyota kwa vidole, ingawa yeye alikuta dira imeshafika. Na ile ndoana ya Maui iliyochorwa kwa nyota angani? "Hiyo ni Nge." Tukasimamisha filamu, nikazima taa ya projekta. Ilikuwapo, juu ya paa la jirani upande wa kusini, mkia umekunjwa vilevile. Watoto saba na kimya cha dakika nzima, jambo nililolishuhudia mara moja tu.

Kisirani kilikuwa betri. Ilikata Moana akiwa ndiyo kwanza anarudi peke yake kumkabili Te Kā, yule jitu la moto. Nikashusha projekta chini kuichaji, na ilipopata nguvu baba alikuwa amekwenda kulala. Wengine tulimalizia.

Asubuhi alikuja kwenye mahamri na mbaazi, akanywa kikombe cha kwanza bila neno. Cha pili akakizungusha mkononi.

"Yule jogoo mjinga," akasema, "yule aliyemeza mpaka moyo wa kisiwa. Alifika salama?"

"Alifika, baba."

"Haya," akasema, akanyoosha mkono kuchukua hamri.