Mkanda wa Polar H10: sasa nakimbia spidi yangu, sio ya kikundi

Wadau wa mbio, leo naongelea huu mkanda wa kifuani wa Polar H10, ule wa kusoma mapigo ya moyo, maana huku Dar naona watu wananunua saa za bei kali halafu wanachoangalia ni kitu kimoja tu, dakika ngapi kwa kilomita. Kwangu mimi unaanza na moyo, spidi inafuata.

Chenyewe ni mkanda wa kitambaa unaovutika na kidude cha plastiki unachokibana kwa mbele. Hakina kioo wala GPS, kinatuma namba kwenye simu au saa kwa bluetooth, hivyo umbali utaupata kwenye simu. Saa ya mkononi inamulika taa kwenye ngozi kufuatilia damu inavyopita, sasa mkono ukirukaruka na jasho limejaa inaweza kuchanganya, ila mkanda unasoma umeme wa moyo wenyewe kama kile kipimo cha moyo cha hospitali. Ukichomoka spidi ghafla namba inapanda saa hiyohiyo, na hapo ndo umenipendeza sana.

Sasa faida yake kubwa kwa sisi wa pwani ni joto. Pesi ya dakika 7 kwa kilomita mwezi wa saba asubuhi pale daraja la Tanzanite nakimbia napiga stori, pesi ileile mwezi wa kwanza jua limeshatoka moyo unapanda hadi kwenye namba za mashindano, kwa sababu mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe na moyo unalazimika kupiga zaidi. Saa itakwambia uko vilevile, mwili unakwambia hapana. Nikishaona hivyo napunguza, watu wapite tu.

Kupata namba yako ya mapigo usitegemee ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukisia mapigo yako ya juu kabisa kwa dakika, ile ni ya wastani, mtu wa miaka 40 inampa 180 lakini kilele chake cha kweli kinaweza kuwa juu au chini kwa mapigo 10 na zaidi. Mimi nimetumia nyimbo za jogging. Kikundi kikiwa kinaimba na wewe unaitikia mstari mzima bila kukata pumzi, hiyo ndo mbio yako rahisi, angalia namba inasomaje. Ukianza kuitikia nusunusu, angalia tena. Kwangu mpaka uko kwenye 148, jirani yangu kwenye kikundi na umri wetu mmoja yeye anaimba vizuri kabisa akiwa 160, kwahiyo kumlazimisha mmoja amfuate mwenzie ni kumuumiza tu.

Na mbio rahisi sio za wavivu jamani. Wale wakimbiaji wa Iten, Kenya, wanaoishi mita kama 2,400 juu ya bahari, siku za kupumzisha miguu wanaanza polepole mpaka mgeni anashangaa, na huko ndo kwenye watu wa kiwango cha marehemu Kelvin Kiptum aliyekimbia Chicago 2023 kwa saa 2:00:35, yaani kama dakika 2 na sekunde 51 kila kilomita marathoni nzima!

Wanaojiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro ndo ningewasisitizia zaidi, ile barabara ya kupanda Mweka ukiing'ang'ania pesi ya Dar utafika juu umeisha, shika mapigo yako, spidi ikishuka iache ishuke.

Utunzaji ni rahisi: lowesha sehemu za kugusa ngozi kabla ya kuvaa, ukimaliza bandua kidude usuuze mkanda, ukikiacha kimebanwa kinakula betri. Betri ni ile ya duara CR2025, unabadilisha mwenyewe, na kampuni inasema inafika saa 400. Bei ndo inauma kidogo, kwa hela yetu ni laki mbili na zaidi kabla ya usafiri. Ila kama una simu na bado hujanunua saa, mi naona anza na huu.

Angalia saizi pia, kuna XS-S na M-XXL. Mwembamba ukichukua ile kubwa inalegea na itasoma ovyo, hasa mwanzoni kabla jasho halijatoka.